Jar isiyo na msimbo chanzo siyo programu huria, tuache kudanganyana

Wakuu, hili jambo limetufika shingoni. Kuna maktaba za Java chungu nzima zinazojiita huria, zina leseni ya Apache au MIT ndani, zimo kwenye mifumo inayohudumia watu leo hii, na msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya mtunzi kabla ya kukompailiwa, haupatikani popote. Limebaki faili la .jar peke yake, lililokwisha kukompailiwa. Ukikuta kosa ndani yake huwezi kulirekebisha, na kitu usichoweza kukirekebisha hakikupi uhuru wowote hata leseni yake iseme nini.

Maumivu huanza siku ya kupandisha Java. Mfumo ulikuwa Java 8, sasa unapelekwa 17. Maktaba inayoita sun.misc.BASE64Encoder inaanguka hapohapo na NoClassDefFoundError, maana klasi hiyo iliondolewa kwenye Java 9. Ukiwa na chanzo ni kazi ya dakika kumi: java.util.Base64 ipo tangu Java 8, unabadilisha mistari michache, unakompaili, basi. Bila chanzo, usidhani utaandika klasi yako yenye jina hilohilo na kuiweka kwenye classpath (orodha ya mahali Java inapotafuta klasi). Kifurushi cha sun.misc kinamilikiwa na moduli ya jdk.unsupported, kwa hiyo klasi yako haitasomwa kabisa mpaka uipachike kwa --patch-module kila unapowasha programu. Kiraka cha namna hiyo kinaishi miaka, na anayekuja baada yako hajui kwa nini kipo.

Tatizo la javax.xml.bind, iliyoondolewa Java 11, lina nafuu: ongeza jaxb-api na jaxb-runtime za 2.3 kama tegemezi. La javax.servlet kukataliwa na seva ya Tomcat 10 nalo lina nafuu, kwa sababu zana ya Eclipse Transformer hubadilisha majina kuwa jakarta ndani ya .jar bila kuhitaji chanzo. Lakini kosa likiwa kwenye mantiki ya maktaba yenyewe, au likiwa tundu la usalama, hakuna zana itakayokuokoa.

Vyanzo vilipotelea wapi? Tazameni tarehe za kufungwa kwa tovuti zilizohifadhi miradi na maktaba. Google Code ilifungiwa mabadiliko Agosti 2015 na kuzimwa Januari 2016. Codehaus ilifungwa mwaka huohuo wa 2015. java.net ikafuata Aprili 2017. Bitbucket iliondoa hazina za Mercurial mwaka 2020. Februari 2021 JFrog ikatangaza kwamba Bintray inafungwa tarehe 1 Mei, yaani chini ya miezi mitatu, na JCenter, iliyokuwa ghala chaguo-msingi la miradi mipya ya Android Studio, ikabaki ya kusoma tu. Tangu Agosti 2024 maombi yanayokwenda JCenter huelekezwa Maven Central, ghala kuu la maktaba za Java. Ambacho mwenyewe hakukihamishia huko, ukikiomba hukipati.

Wenye seva wana sehemu yao ya lawama, lakini kubwa nawatwika waliochapisha. Taarifa walizipata. Kusukuma nakala ya hazina kwenda mahali pengine ni amri mbili. Hawakufanya, na hadi leo pom.xml zao (faili za maelezo ya mradi) zina kipengele cha scm, cha kuonyesha chanzo kilipo, kinachoelekeza kwenye anwani ya googlecode.com iliyokufa zamani.

Halafu kuna hili linalouma zaidi. Maven Central inadai kila toleo liambatane na -sources.jar, yaani jar ya chanzo. Sharti zuri. Lakini maelekezo yaliyotolewa kwa wachapishaji yakasema kwamba asiyeweza kutoa chanzo, kwa mfano kwa sababu ya leseni, atengeneze -sources.jar ya bandia yenye README tu ndani ili ukaguzi upite. Kwa hiyo mashine inasema chanzo kipo, unapakua, unafungua, unakuta faili moja la maandishi. Udhuru uliowekwa kwa mwenye sababu umekuwa mlango wa nyuma wa mvivu.

Kisheria, msitegemee MIT wala Apache 2.0. Leseni hizo hazimlazimishi anayesambaza kukupa chanzo. GPL ndiyo inayolazimisha: toleo la 2, kifungu cha 3, linataka chanzo kiambatane na programu, au kuwe na ahadi ya maandishi ya kukitoa inayodumu angalau miaka 3. Tena linaeleza chanzo ni nini: ni umbo linalofaa zaidi kufanyia mabadiliko, pamoja na hati za kukompaili na kusakinisha. Shikeni maana hiyo, tutairudia.

Anayepambana na jar yatima sasa hivi afanye hivi. Kwanza sha1sum, inayotoa alama ya utambulisho wa faili, kisha alinganishe na faili la .sha1 lililo kando ya jar hiyo Maven Central. Zikitofautiana, kuna mtu aliichokoa kwa mkono, na chanzo chochote utakachopata si chake. Kisha unzip -l, tafuta META-INF/maven na pom.properties ndani yake. Hapo ndipo toleo halisi hukaa, hata kama mtu alibadilisha jina la faili kuwa utils-new.jar (tabia hii ya kutupa jar kwenye folda ya lib bila namba ya toleo ikome). MANIFEST.MF mara nyingi hutaja JDK (vifaa vya kukompaili Java) iliyotumika kujengea. Ukijua kikundi, jina na toleo, endesha mvn dependency:get ukiomba jar:sources. Ikishindikana, weka anwani ya zamani ya hazina kwenye utafutaji wa Software Heritage, mradi wa kuhifadhi msimbo chanzo ulioanzishwa na taasisi ya Inria ya Ufaransa. Ikikwama tena nenda snapshot.debian.org, inayotunza vifurushi vya Debian tangu 2005: tafuta kifurushi cha jina la libkitu-java (kitu ni jina la maktaba) na uchukue .orig.tar yake, yaani chanzo cha asili. Wengi hawakumbuki njia hii, nayo imeokoa vingi.

Ukikipata, usikiamini bado. Chanzo cha tawi kuu siyo chanzo cha toleo lako. javap -v, inayosoma klasi iliyokompailiwa, itakupa major version: 49 ni Java 5, 50 ni Java 6, 52 ni Java 8. Tafuta JDK ya umri huo, maana JDK 12 ilikataa kukompaili kwa -source 6 na JDK 20 ikaikataa 7. Jenga, kisha linganisha matokeo ya javap -c -p ya jar mbili. Tofauti za utaratibu wa klasi zisikutishe. Tofauti za maagizo ndani ya methodi zikutishe.

Na wanaosema "si udikompaili tu", nawajibu. CFR na Vineflower, zinazorudisha jar kuwa msimbo, ni zana nzuri sana, nazitetea popote. Lakini maoni ya mwandishi hayarudi. Majina ya vigeu vya ndani hayarudi ikiwa ilijengwa bila -g, chaguo linaloyahifadhi. Vidumu vya static final vimeshamezwa: palipoandikwa jina lenye maana utaona 86400 imekaa uchi katika sehemu kumi. Mbaya kuliko yote ni kichanganuzi cha maandishi kilichozalishwa na zana za ANTLR au JavaCC. Utarudishiwa maelfu ya mistari ya majedwali na hali za mashine, wakati mwandishi aliandika sarufi ya kurasa chache kwenye faili la .g au .jj. Faili hilo ndilo chanzo. Majedwali hayo si umbo linalofaa kufanyia mabadiliko, na hakuna binadamu atakayeyahariri salama.

Wengine wanaona tunakuza mambo. Katika mlango wa nyuma wa xz, zana ya kubana faili, uliogunduliwa Machi 2024, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalisambazwa kwa kifurushi chenye faili la build-to-host.m4 lililotiwa sumu, na faili hilo halikuwemo kwenye hazina ya git ambayo watu walikuwa wanaisoma. Kilichojengwa na kilichosomwa vilikuwa vitu viwili.

Kwa hiyo madai ni haya. Mchapishaji: tagi kwa kila toleo, -sources.jar yenye chanzo cha kweli pamoja na sarufi na hati za kujengea, na kabla ya kuondoka bonyeza Save Code Now pale Software Heritage. Mtumiaji: siku unayoongeza tegemezi endesha mvn dependency:sources, usome orodha ya zilizokosekana, na zilizopatikana uzihifadhi kwenye ghala la ofisi yako, si kwenye kompyuta yako. Tegemezi iliyokosa chanzo isiingie. Iliyokwisha kuingia iandikwe kwenye orodha ya kuondolewa na ipewe tarehe.

Mwenye -sources.jar halisi za miradi iliyokuwa JCenter pekee, aweke hapa chini kikundi, jina, toleo na SHA-1.