Povu la kupuliza chini ya bati: linaondoa ukungu kwenye siling ya chumba chenye AC?

Mama Nasra, Kigamboni

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaojua ujenzi, siyo wanaojua kubishana.

Nyumba yetu iko Kibada. Bati ni la msauzi, geji 28, rangi ya damu ya mzee, siling ni jipsamu na zile taa za duara za kuzamishwa. Chumba chetu cha kulala ni mita 3.6 kwa 3.6 na kina AC ya 18000 BTU. Baba Nasra anaiweka 18 usiku kucha, mimi najifunika blanketi kama niko Makete. Vyumba vya watoto na sebule ni pangaboi na madirisha ya nyavu tu.

Tangu masika yaliyopita siling ya chumba chetu inatoa madoa meusi, kwanza kuzunguka taa, sasa hadi kona ya juu ya kabati. Rangi inavimba na kubanduka. Fundi bati amepanda darini mara mbili, mara ya pili mvua inanyesha, anaapa bati halivuji hata tone. Na kweli vyumba vingine havina doa.

Sasa wamekuja vijana wanaouza povu la kupuliza. Wanasema watapuliza chini ya bati nyumba nzima, joto litakwisha, ukungu utakwisha, na AC tutaisahau. Bei waliyotaja inakaribia niliyonunulia bati lenyewe. Baba Nasra ameshaanza kushawishika. Hili povu linafaa kwa hali ya hewa yetu, au tunaibiwa?

Fundi Baridi, Temeke

Pole Mama Nasra. Kabla hujafika kwenye povu, tazama hiyo mashine. Chumba hicho ni cha 9000, na kama ukuta unapigwa na jua la magharibi basi 12000. Ukifunga 18000 chumba kinapoa haraka, kompresa inazima, na ikizima haikaushi hewa. Ubaridi unao ila unyevu umebaki ndani. Usiku nenda katazame lile bomba la maji nje: kama linadondosha kidogo halafu linakauka muda mrefu, jibu umelipata.

Mwambie mzee aweke 25 au 26 na pangaboi izunguke polepole. Kwenye rimoti kuna alama ya tone la maji, hiyo ni ya kukausha hewa, itumieni siku za masika. Na uniti za LUKU utaziona zinakaa.

Mpulizaji, Houston

Mama Nasra, mimi ni mtoto wa Tanga ninayeishi Houston, Texas, na kazi inayonilisha ni hiyohiyo ya kupuliza povu kwenye nyumba za watu. Kwa hiyo ningekuwa na kila sababu ya kulisifia. Lakini hao vijana wanakuuzia dawa ya ugonjwa ambao nyumba yako haina.

Houston kiangazi ni kama Dar ya Januari, jasho halikauki. Tofauti ni kwamba hapa AC haining'inii ukutani. Mashine na mifereji mikubwa ya hewa baridi iko darini, chini ya paa linalowaka, nyumba nzima imefungwa madirisha mwaka mzima. Sasa fikiria hewa ya nyuzi 13 ikipita ndani ya mfereji, na dari lenyewe lina nyuzi 50 na zaidi. Ndiyo maana tunapuliza povu chini ya paa na kuziba dari lote: ile mifereji iwe ndani ya nyumba badala ya kuwa ndani ya tanuri. Wewe huna mifereji. Mashine yako iko ukutani na inapoza chumba kimoja tu.

Tena hata huku, tukishaziba dari, unyevu unapanda na kukusanyika kileleni mwa paa, hasa palipopulizwa povu laini. Inabidi tuingize hewa kidogo ya AC humo darini, au tuweke mashine ya kukausha hewa. Mteja asiyeambiwa hilo hurudi kwetu akilalamika mbao zimelowa.

Sasa siling yako. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75 inaanza kuwa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 26 hivi. Chukua chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani, utaona inavyotoka jasho. Jipsamu ya chumba chenu ndiyo chupa hiyo: chini inapigwa na hewa ya AC iliyowekwa 18, juu yake iko hewa ya darini ambayo ni hewa ya Kigamboni yenye bahari ndani. Maji yanajiunda upande wa juu wa ubao, usikouona. Karatasi ya jipsamu inalowa, kuvu anakula karatasi, baadaye ndipo doa linajitokeza chini. Kwenye taa linaanza mapema kwa sababu pale kuna tundu, na hewa mbichi, yaani yenye unyevu, inapita moja kwa moja. Ndiyo maana vyumba vya pangaboi viko safi: havina ubao wa baridi.

Kama huniamini, mtume mtu apande darini alfajiri kabla jua halijapiga bati, AC ikiwa imefanya kazi usiku kucha. Apapase ubao juu ya chumba chenu, kisha apapase ule wa sebuleni.

Ukielewa hapo utaona kwa nini povu chini ya bati halitaondoa ukungu. Darini kwako hewa inaingia kupitia upenyo wa fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Hata wakiziba huo upenyo, hewa ya sebuleni itapanda kwenye matundu ya taa, na sebule ina madirisha wazi. Ubao utaendelea kuwa baridi na hewa ya juu yake itaendelea kuwa mbichi. Mchana joto litapungua kweli, hilo siwanyimi. Ila kusema AC utaisahau ni maneno ya sokoni. Povu halipozi kitu, linazuia joto la bati lisishuke. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 31 na madirisha yako wazi, ndani utabaki na 31.

Mahali pa kuweka kizuizi ni juu ya ubao wa chumba hicho kimoja. Na hapo aina ya povu ndiyo kila kitu. Kuna povu laini, kilo 8 hivi kwa mita ya ujazo, ukilibonyeza linabonyea. Linazuia hewa lakini mvuke unapenya, kwa hiyo juu ya ubao wa baridi utakuwa umeufunika unyevu kwa godoro. Pamba ya kioo nayo vilevile. Kuna povu gumu, kilo 32 hivi kwa mita ya ujazo, ukiligonga linalia kama ubao. Kwa unene uleule linazuia joto karibu mara mbili ya lile laini, na likifika inchi 2 mvuke haupiti kirahisi. Muulize kijana wako analo lipi. Akisema "povu ni povu", mpe maji ya kunywa umsindikize.

Kwa chumba cha mita 13 za mraba hata mashine ya kupuliza haihitajiki. Shusha bodi zilizooza, usizipake rangi. Weka mpya. Ondoa taa za kuzamishwa, funga za kubandika juu ya siling. Juu ya bodi laza shiti za povu gumu, ziba viungo na kingo zote kwa povu la kopo lile la kuzungushia fremu za milango. Viungo vya nyaya vilivyofungwa solotepu visizikwe humo. Viwekwe kwenye boksi na viwe juu, vinaonekana. Usikubali lile povu jeupe linalokuja na katoni za TV, linashika moto vibaya. Kisha mfuate Fundi Baridi: 25, na pangaboi.

Mkishikilia kupuliza nyumba nzima, basi tazama wanavyofanya kazi. Povu la kweli linatoka kwenye mapipa mawili. Moja lina isosayanati, kemikali ambayo ikiingia mapafuni inaweza kumpa mtu pumu ambayo hataachana nayo. Sisi tunavaa barakoa ya uso mzima inayoletewa hewa safi kwa mpira, na mwenye nyumba hulala kwingine, mara nyingi saa 24. Mtu akija na fulana imefungwa mdomoni, mfukuze kwa usalama wake kwanza. Mapipa yanatoka kwa kipimo sawa, mipira inapashwa moto. Vipimo vikikosewa povu linanuka kama samaki aliyelala na halitibiki, ni kulikwangua lote. Na lisipulizwe nene kwa mkupuo mmoja: linajipasha joto lenyewe linapoumuka, nyumba zimewahi kuungua hivyo. Bati la saa saba mchana nalo ni moto mno, povu linawahi kuganda na kubanduka. Kazi hiyo ni ya asubuhi.

Jambo la mwisho, hasa kwenu karibu na bahari. Bati lililopulizwa povu gumu halibandukani nalo. Siku likishika kutu huwezi kubadilisha karatasi moja, unang'oa vyote viwili. Na likivuja, povu gumu linaficha maji. Utajua mbao zimeshaoza.

Bi Zuhura, Nyali

Naungana na huyo kijana wa Tanga. Kwangu ni mabati ya buluu iliyokoza, na adhuhuri ulikuwa huwezi kukaa ghorofani. Fundi alinishauri vitu viwili: kwanza kupaka mabati rangi nyeupe ya kurudisha jua, pili karatasi ya fedha, ile foili inayong'aa, chini ya mabati. Nikaweka vyote. Mvua sasa ndiyo inayonisumbua kwa kelele, si joto. Stima nalipia ya feni tu.

Ila karatasi ya fedha ina masharti. Lazima iwe na nafasi ya hewa, ikibanwa baina ya vitu viwili haina kazi. Na upande unaong'aa utazame chini, darini. Ukitazama juu vumbi la miaka miwili litaulalia na hapo mng'ao umekwisha. Jirani yangu kaitandika juu ya siling kama mkeka, mng'ao juu, na popo wanamaliza kazi.

Hiyo rangi ya damu ya mzee, mama, inapendeza kwa macho lakini inanywa jua lote. Nyeupe mpya inarudisha sehemu kubwa. Anzia hapo, hasa vyumba vya watoto ambavyo havina AC. Na tundu za hewa za ukutani chini ya paa usizizibe, watu wa pwani walikuwa na sababu ya kuziacha.

Mama Nasra, Kigamboni

Ahsanteni sana, Mungu awazidishie. Mdogo wangu amepanda darini leo alfajiri. Juu ya chumba chetu mkono umerudi umelowa na vumbi limekuwa tope. Sebuleni pakavu kabisa. Baba Nasra amenyamaza, AC imekaa 25, tunaona.

Siling inashushwa Jumamosi. Nimeulizia shiti za povu gumu, kuna duka la vifaa vya vyumba vya baridi vya samaki wanazo. Maswali mawili. Kibada mchwa ni wenyeji kuliko sisi, je, wanakula povu? Na hizo shiti nizifunike juu au ziachwe wazi?

Mpulizaji, Houston

Za vyumba vya baridi ni nzuri, nyingi zina karatasi ya fedha au bati jembamba pande zote mbili, hiyo inazuia mvuke zaidi. Uliza tu kama zina dawa ya kuzuia moto.

Mchwa hali povu, analitoboa njia. Ubaya wake ni kwamba anapita humo ndani asionekane mpaka afike kwenye kenchi. Huku Marekani ya kusini wakaguzi wa mchwa hulichukia povu kwa sababu hiyo. Kwa hiyo usizisukume shiti mpaka zikagusa mbao za ukutani zinazobeba kenchi. Ziishie kwenye kingo za chumba, uzibe pale kwa povu la kopo, na ule ukanda wa ukuta wenye upana wa kiganja juu yake ubaki mtupu, umwone akipanda na udongo wake.

Juu, laza bodi za jipsamu zile nzuri mtakazobakiwa nazo, zikinge moto. Zile zenye madoa zitoke nje ya nyumba siku hiyohiyo, na anayezishusha avae barakoa.