Vyuo vinavyouza cheti cha sheria levo ya 4 kama tiketi ya ajira, mnatuumiza

Wakuu habari zenu. Nina hasira na sitazificha. Mdogo wangu wa kike kamaliza fomu foo, jana kaja nyumbani na fomu ya chuo kilekile nilichosoma mimi, kozi ileile, Astashahada ya Awali ya Sheria (ndo hiyo levo ya 4), na maneno aliyoambiwa na watu wa udahili ni yaleyale nilioambiwa mimi 2022, neno kwa neno: ukimaliza mahakama zinakuhitaji, halmashauri zinakuhitaji, na ukikosa ajira unafungua ofisi yako ya ushauri wa sheria mtaani. Nimeshindwa hata kula.

Hesabu ninayo kwenye daftari maana mama ndo aliniambia niandike kila kitu. Ada laki nane na hamsini. Michango (usajili, kitambulisho, mitihani, hela ya NACTVET yaani baraza la serikali linalosimamia vyuo vya kati, na mengine waliyoongeza katikati ya mwaka) laki moja na thelathini na tano. Chumba elfu 40 kwa mwezi miezi tisa. Kula nilijibana elfu 4 kwa siku. Jumla 2,425,000, hapo sijaweka nauli za fildi wala madaftari. Mama aliuza ng'ombe wawili na cherehani yake. Cherehani! Ndo ilikuwa inatulisha ile.

Na mkopo usiniulize. Bodi ya Mikopo ngazi ya cheti haikopeshi, stashahada walianza kukopesha mwaka wa masomo 2023/24 ila ni kwa fani za kipaumbele kama afya na ualimu wa sayansi, sheria haimo. Kwahiyo kila shilingi inatoka kwa mzazi.

Nimemaliza, nikaanza kuingia Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali. Afisa Sheria: digrii ya sheria na uwe umemaliza Law School (mafunzo ya uwakili baada ya digrii). Hakimu Mkazi: hivyohivyo. Nikasema basi hata masjala ya mahakama, wanaita Msaidizi wa Kumbukumbu, nikakuta wanataka stashahada ya utunzaji kumbukumbu, yaani mtu aliyesoma kupanga mafaili ananipita mimi niliyesoma sheria kwenye kazi ya mahakamani. Simlaumu yeye, yeye aliambiwa ukweli na chuo chake.

Sasa kilichoniuma zaidi ya vyote ni hiki. Tangazo la kazi ya Mtendaji wa Kijiji limeandika wazi kabisa, fomu foo au fomu siksi mwenye cheti NTA (ngazi za vyeti vya vyuo) levo ya 5 katika Utawala, Sheria, Elimu ya Jamii na fani nyingine wanazitaja, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo chochote kinachotambuliwa na serikali. SHERIA IMO. Lakini levo ya 5! Mimi cheti changu kimeandikwa levo ya 4. Ningeongeza levo moja tu ningekuwa na sifa ya kuomba, na pale chuoni hakuna mwalimu wala afisa hata mmoja aliyewahi kutuambia kwamba mlango wa ajira ya serikali uko levo ya 5 na hii ya 4 ni ngazi ya kupandia tu. Tulikuwa darasa zima watoto wa wakulima tunajua tumeshamaliza. Huko ndo kutuumiza ninakosema, kumwacha mtu ashuke kwenye gari kituo kimoja kabla ya kwake na nauli kashalipa.

Tuje kwenye "fungua ofisi yako". Nilipata kibarua kwenye ofisi ya wakili mmoja hapa Dar, elfu 120 kwa mwezi bila mkataba. Jirani akaniomba nimwandikie mkataba wa kuuziana kiwanja anipe elfu 20, nikamwambia bosi kwa furaha kabisa, akaniita pembeni akasema binti, hiyo ndo inaitwa kishoka, akanifungulia Sheria ya Mawakili Sura ya 341 kifungu cha 43, asiye wakili kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo ni KOSA. Kiapo huwezi kugonga muhuri, mahakamani huwezi kumsimamia mtu. Yaani chuo cha sheria kilinishauri nivunje sheria na kikanichukulia hela kwa ushauri huo.

Msije mkaniambia niwe msaidizi wa kisheria, nimeenda huko pia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua na kuwasajili, kazi nzuri sana na naiheshimu, ila huduma ile ni BURE kwa wasio na uwezo, usipokuwa na shirika linalokulipa unajitolea. Mama mmoja mtaani kwetu anaifanya miaka mingi, hana cheti cha chuo, shirika lilimpa mafunzo ya muda mfupi, na anajua mirathi kuliko mimi.

Hiyo kazi ya elfu 120 yenyewe: kupandisha nyaraka kwenye mfumo wa mahakama, kuchukua control number, kulipia, kutoa kopi, kukaa korido kuanzia saa mbili kusubiri tarehe ya kesi. Vyote nimefundishwa pale ofisini wiki mbili, chuoni hatukuugusa huo mfumo hata siku moja. 2,425,000 ukigawa kwa mshahara wangu ni miezi 20 bila kula wala kupanda daladala.

Nitakuwa mkweli, kuna ambao inawafaa. Kama ushaajiriwa na mwajiri anakutambua ukiongeza elimu, nenda. Kama fomu foo ulipata D nne na huna namna nyingine ya kufika digrii, panda, ila piga hesabu: cheti mwaka 1, stashahada 2 na utoke na GPA ya 3.0 kwenda juu, digrii 3 au 4, Law School 1, ni miaka 7 mpaka 8. Aliyechaguliwa fomu faivu ni miaka 6 mpaka 7 na shule za serikali ada ilishafutwa tangu 2022. Na huko Law School mnakumbuka 2022, watu 633 walifanya mtihani, 26 tu ndo walifaulu bila sapu (mtihani wa marudio), 265 wakadisko, yaani wakaondolewa chuoni. Mtoto aambiwe haya yote KABLA mzazi hajauza ng'ombe.

Mdogo wangu kapangiwa fomu faivu HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na hataki kwenda, anasema cheti ni haraka. Fomu ya chuo nimeichukua nimeifungia kwenye sanduku langu na hatuongei tangu jana.

Kwa wale mliohama chuo baada ya levo ya 4, naomba mnisaidie: mlipoenda kusoma levo ya 5 chuo kingine walikubali matokeo yenu moja kwa moja au mlianza upya? Na ada mlilipa shilingi ngapi, pamoja na hiyo michango isiyoandikwa kwenye fomu.