Nimerudishiwa dele ambalo si langu: nianzie wapi?

Binti wa Mji wa Kale

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote.

Mimi nauza vyombo vya shaba vya zamani, yaani madele ya kahawa, mirashi, vyetezo na masinia. Vingine nilirithi kwa bibi yangu, vingine huvinunua kwa watu wanaohama nyumba hapa Mji wa Kale, Mombasa. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikiviuza kwa mnada kwenye tovuti moja ya ng'ambo, kwa kuwa wateja wa hapa wanaojua thamani yake ni wachache, na watalii hutaka kupunguziwa bei hata faida ikaisha.

Mwezi uliopita niliuza dele moja. Dau lilianza dola 40 na mnada ukafungwa kwa dola 135, akashinda mnunuzi wa Ulaya ambaye wauzaji wengi walikuwa wamemsifu. Nililifunga kwa magazeti na vipande vya godoro, nikalipeleka Posta, na mzigo ukamfikia salama. Siku ya nane baada ya kuupokea akafungua madai kwamba chombo hakilingani na maelezo, na tovuti ikaniamuru nikubali kirudishwe. Juzi kifurushi kimefika. Nilijua kwa kukishika tu kwamba si changu. Dele langu lilikuwa zito, mkono wake umekazwa kwa misumari mitatu ya shaba, na chini ya mdomo pana kovu la kulehemu ambalo bibi alifanyiwa na fundi wa Kibokoni kabla sijazaliwa. Hili lililorudi ni jepesi, mkono una misumari miwili, na ndani linang'aa kana kwamba halijawahi kuonja kahawa.

Tovuti imenipa siku nne kujibu, na nikinyamaza fedha zinarudi kwake zote. Nitathibitishaje kwamba nilichotuma sicho kilichorudi? Na je, kuna namna ya kuendelea na biashara hii bila kulala na wasiwasi kila ninapotuma kitu?

Fundi Saa, Makupa

Waaleikum salaam dada yangu, na pole sana. Kwanza usijibu leo ukiwa na hasira, kwa sababu anayeamua madai haya hasomi hasira, anasoma picha na nambari.

Itafute risiti yako ya Posta. Mzigo wa kwenda nje hupimwa kwenye mizani mbele yako, na uzito huandikwa kwenye fomu ya forodha inayobandikwa juu ya kifurushi. Kile kilichorudi nacho kina uzito wake, umeandikwa na posta ya kule. Ikiwa tofauti ni kubwa, huna haja ya kumwita mtu mwizi: posta mbili zisizojuana zimekwisha kukutolea ushahidi. Kwa hiyo boksi usilitupe, wala usibandue karatasi yoyote iliyo juu yake. Liweke dele hilo jipya kwenye mizani ya duka lolote, lipige picha likiwa juu ya mizani pamoja na boksi, kisha tafuta zile picha ulizoziweka kwenye tangazo na uziweke kando kwa kando, misumari mitatu kwa miwili. Kovu la bibi yako likionekana hata kwa mbali katika picha moja tu, hiyo ndiyo itakayokusaidia kuliko maneno elfu.

Nenda pia kituo cha polisi uandikishe taarifa upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio. Sikudanganyi kwamba askari wa hapa atamfuata mtu Ulaya, lakini mnunuzi wa aina hii mara nyingi hategemei kwamba muuzaji wa mbali atajisumbua kiasi hicho, na nambari hiyo ukiiambatanisha na jibu lako huonyesha kwamba uko tayari kusimama na maneno yako.

Ujue pia kwamba unaanza ukiwa nyuma kidogo. Tovuti hizi humwelemea muuzaji kwa makusudi. Zamani kwenye eBay muuzaji na mnunuzi waliweza kuandikiana ubaya wote wawili, na wauzaji wakawa wanalipiza kisasi kwa kila mnunuzi aliyethubutu kulalamika. Tangu mwaka 2008 muuzaji hawezi tena kumwachia mnunuzi maoni mabaya. Ndiyo maana zile sifa ulizoziona kwa mnunuzi wako hazina uzito uliodhani: mtu ambaye hawezi kusemwa vibaya lazima asifiwe.

Mimi huuza saa kuukuu za mkono, na nilibadilishiwa mashine ya saa mara moja tu, ikatosha. Sasa kabla ya kufunga hufungua mfuniko wa nyuma, napiga picha nambari ya mashine, natia kidoto cha rangi ya kucha mahali ambapo mnunuzi hana sababu ya kupachungulia, kisha nawasha kamera ya simu na kuiacha ikirekodi bila kukatwa tangu saa inapowekwa kwenye mizani hadi gundi ya mwisho inapobandikwa. Inachukua dakika sita. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la siku hizi ni simu. Kwa vitu vya bei kubwa, kuanzia dola 750, eBay humtaka muuzaji awe na sahihi ya mpokeaji. Mimi huilipia hata kwa saa ya dola 200.

Mnunuzi wa Nyali

Dada, nakuonea huruma, ila naomba na sisi wanunuzi tusikilizwe, kwa maana wauzaji nao si malaika.

Mwaka jana nilitaka lenzi ya kamera. Katika minada hii unaandika kiwango chako cha juu kabisa, nayo mitambo hukupandishia kidogo kidogo pale tu anapotokea mshindani. Niliandika dola 180 na nikawa naongoza kwa 95. Usiku wa mwisho ikazuka akaunti mpya, ikawa inapanda hatua ndogo ndogo mfano wa mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi, ikafika 176 ikasimama. Nikashinda kwa 178. Baadaye ndipo nilipofungua historia ya madau, ambako tovuti nyingine huonyesha ni asilimia ngapi ya madau ya mtu yamekwenda kwa muuzaji huyo huyo katika siku 30, nikakuta 91. Huyo hakuwa mshindani. Alikuwa muuzaji mwenyewe au ndugu yake. Tangu hapo sitii dau mapema. Nasubiri sekunde kumi za mwisho, nikaandika kiwango changu mara moja, na wa kunipandishia anakosa muda wa kupapasa.

Hadithi haikuishia hapo. Lenzi ilifika ikiwa na ukungu ndani ya kioo, na nilipolalamika muuzaji akadai kwamba ukungu huo umeota Mombasa kwa sababu ya unyevu wa bahari. Kwa siku mbili! Nilirudishiwa fedha kwa sababu nilikuwa nimerekodi nilivyoifungua mbele ya kijana aliyeileta, lakini gharama ya kuirudisha niliibeba mimi.

Hila nyingine ya wauzaji ni nambari ya kufuatilia mzigo. Wapo wanaotuma bahasha tupu kwa anwani nyingine katika mji wako, mfumo ukaandika "umefika", na wewe ukaambiwa huna madai. Ikikutokea, nenda ofisi ya posta uombe maandishi yanayoonyesha kwamba mzigo wenye nambari hiyo haukupelekwa kwenye sanduku lako. Na akikuandikia mtu kwamba mshindi ameshindwa kulipa, hivyo wewe wa pili unaweza kuchukua kitu hicho endapo utamtumia fedha moja kwa moja, angalia kwanza kama ujumbe huo umo ndani ya akaunti yako. Ukiwa kwenye barua pepe peke yake, ufute.

Dalali Mstaafu, Tudor

Nimeshika nyundo ya mnada kwa miaka mingi, kwa hivyo mniwie radhi nikirefusha.

Hayo ya kupandishiwa dau hayakuletwa na intaneti. Katika minada ya uwanjani tulimjua mpwa wa mwenye mali akisimama nyuma kabisa na kuinua mkono kila bei inapolegea. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, inasema waziwazi kwamba ikiwa mwenye mali hakutangaza kwamba amejiwekea haki ya kutia dau, basi kujitilia dau au kumtuma mtu amtilie ni haramu, na mnunuzi anaweza kuuhesabu uuzaji huo kuwa wa ulaghai. Tofauti ni kwamba yule mpwa nilimwona kwa macho, na dalali mwenye leseni alikuwa na cha kupoteza.

Kwa waliouziana hapa hapa nchini, msikae mkilia. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60 tangu kesi ifunguliwe, na si lazima uwe na wakili. Kwa mnunuzi aliye Ulaya haitakufaa, binti yangu. Huko silaha yako ni ushahidi uliotajwa na Fundi Saa.

Kwa kuwa tuko Mombasa, nionye jambo moja lisilohusu madele. Kila mara huzuka kurasa zinazodai kunadi magari na kontena za bandarini kwa bei ya kutupa, zikitaka "amana" itumwe kwa simu ya mtu binafsi. Mali isiyoondolewa katika ghala la forodha huwa na utaratibu wake: siku 30 zikipita hutolewa tangazo katika Gazeti Rasmi au gazeti linalosomwa na wengi, mwenye mali hupewa siku nyingine 30, kisha ndipo unapokuja mnada wa hadhara. Mnada usio na tangazo, usio na siku ya kwenda kuitazama mali, huo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mara nyingi hata mbuzi hayumo.

Sasa nikurudie wewe. Uliandika nini hasa katika tangazo lako? Nauliza kwa sababu hujatuambia. Ikiwa uliandika kwamba dele ni la karne ya 19, jua kwamba chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale na hakitolewi nje bila kibali. Na ikiwa si cha umri huo lakini uliandika hivyo ili dau lipande, basi mnunuzi, hata kama naye ni mwizi, ulimwachia mlango wazi.

Duka la Simu, Mwembe Tayari

Nyongeza ndogo kwa mnaouziana hapa mjini. Usiamini ujumbe wa M-Pesa unaoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi, wala uliotoka kwa nambari ya kawaida; ujumbe halisi huja kwa jina MPESA. Lakini hata huo usikutoshe: ingia kwenye menyu uangalie salio lako kabla boda boda hajaondoka na mali. Jana tu kijana alitaka kuondoka na simu ya 14,500 dukani kwangu kwa ujumbe alioutunga mwenyewe, ukiwa hauna hata nambari ya muamala. Nawe mnunuzi ukituma fedha ukagundua kosa, upeleke ujumbe wa muamala kwa nambari 456 ya Safaricom saa hiyo hiyo, kwa maana aliyepokea akishatoa kwa wakala, kuzipata ni kazi.

Binti wa Mji wa Kale

Nawashukuru nyote, na mzee wetu wa Tudor hasa, ingawa swali lake limenikata maini.

Niliandika "zaidi ya miaka 100". Sikuwa na hakika. Bibi alikuwa akisema alilikuta kwa mama mkwe wake, nami nikahesabu kwa vidole. Mnunuzi katika madai yake ameyashika maneno hayo hayo, kwamba ameambiwa na mtaalamu kuwa chombo ni kipya. Bila shaka ni kipya, kwa kuwa alimwonyesha mtaalamu chombo kingine, lakini sasa naona alikoanzia. Vyombo vingine vinne vilivyomo mnadani nimekwisha kuyaondoa maneno ya umri, nikaandika vipimo, uzito na kasoro tu. Wiki ijayo nitavipeleka viwili makumbusho ya Fort Jesus nikaulize kuhusu kibali kabla ya kuviuza.

Risiti nimeipata ndani ya mkoba wa siku ile. Kifurushi changu kilikuwa kilo 2.34. Karatasi iliyo juu ya boksi lililorudi inasema 1.61, na mizani ya muuza sukari jirani imeonyesha 1.6. Kovu la kulehemu halionekani vizuri katika picha za tangazo, ila picha ya tatu, ambayo nilitaka kuifuta kwa sababu kidole changu kimeingia pembeni, inaonyesha misumari yote mitatu. Nimeambatanisha zote pamoja na nambari ya OB, nikaandika mistari saba tu.

Fundi Saa, hiyo rangi ya kucha unaitia rangi gani? Nyekundu kwenye shaba haionekani.

Fundi Saa, Makupa

Tia nyeupe, dada. Na uitie chini ya kitako, karibu na ukingo, ambapo masizi hayafiki.