Naomba ushauri: kupanda miti kwenye baridi kavu, Lubumbashi

Jambo wandugu. Mdogo wangu anajifunza kazi ya kitalu na upandaji miti kwenye shirika moja la mtaa hapa Lubumbashi. Sasa wanataka kutoa miche ya akasia na miembe kitaluni mwezi huu wa 7, eti mfadhili anataka picha. Na mvua kwetu haianzi mpaka mwezi wa 11! Jana nilimsaidia kuchimba shimo: mpaka kwenye kiwiko, udongo mwekundu mkavu kama tofali. Maji ni ya ndoo kichwani. Je, chupa ya plastiki yenye tundu, ikijazwa maji na kufukiwa kando ya mche, itaufikisha kwenye mvua? Au akatae, miche ibaki kivulini? Anaogopa kunyimwa cheti.