Ukoo wa Bi Mize, Malindi: samaki Sultani hali chakula

Naila: Kaka Fuadi upo? Sultani kapata wazimu. Tangu alfajiri agonga tangi kwa kichwa. Kamba niliompa hakumgusa, yuko chini vile vile.

Fuadi: Nipo, niko Mombasa bado. Matamvua yamefunguka? Vile vifuniko vya mashavu vimesimama?

Naila: Vimesimama. Na amekuwa mweusi tii, yale madoa ya machungwa ndiyo yang'aa.

Ami Swaleh: Ndimu na chumvi, atatulia 😂

Bi Mize: Swaleh, muache samaki wa watoto.

Fuadi: Naila nitumie picha ya chumba kizima, si ya samaki peke yake.

Naila: [picha]

Fuadi: Kile nini karibu na mlango?

Khalti Rukia: Kioo cha kabati la bi arusi, mwanangu. Kimeletwa jana usiku, fundi hajaja kukifunga.

Fuadi: Basi ndicho hicho khalti. Anamuona oska mwingine, samaki wa aina yake, kaingia kwake. Akivimba, na yule avimba. Akimwendea, na yule amjia. Atapigana mpaka ajiumize mdomo. Kigeuzeni kitazame ukuta au mkitupie leso.

Khalti Rukia: Kumbe na samaki wana wivu!

Fuadi: Si wivu, ni mpaka. Jamii yao yote, hawa sikilidi, wana tabia ya kushika mahali na kupalinda. Wakiwa na mayai ndio balaa zaidi, hata mkono wa aliyewalea wataurukia. Wanaosema "samaki wangu mkorofi", mara nyingi wamembana kwenye tangi dogo, au amemuona mwenziwe, au ana mayai.

Naila: Nimefunika. Ametulia kidogo.

*Siku ya pili*

Naila: KAKA. Amelala ubavu chini. Nafikiri amekufa 😭

Ami Swaleh: Mafuta niweke motoni?

Fuadi: Ami tafadhali. Naila, tazama matamvua. Yapanda na kushuka polepole?

Naila: Eeh, polepole. Na jicho lanifuata.

Fuadi: Basi huyo amenuna. Oska ndivyo walivyo, ukibadilisha maji mengi au ukihamisha mawe yake analala ubavu kama maiti. Jana amepigana na kioo kutwa, leo ana hasira na nyumba nzima. Muache, usimgonge tangi. Ungeniambia yuko juu anatweta, hapo ningeshtuka, maana hiyo ni shida ya maji au hewa.

Bi Mize: Mimi jana nilimtilia kipande cha hamri, nilimuonea huruma.

Fuadi: Nyanya 🙏🏾 hamri hapana. Ngano yamvimbisha tumbo na mafuta yachafua maji. Naila lichote lote kwa kichujio cha chai. Nyama ya ng'ombe pia msimpe, yale mafuta tumbo lake haliyawezi vizuri.

Bi Mize: Kwetu Lamu tulikuwa na visamaki ndani ya birika la chooni, kazi yao kula viluwiluwi vya mbu. Hawakununa, wala hawakuchagua chakula.

Naila: Kaka, wewe akuona tu yuwaja mbio na kula mkononi mwako. Mimi nikitia kidole akimbilia nyuma ya gogo. Nataka wageni wa arusi wamuone.

Fuadi: Kwa ajili ya wageni hutafanikiwa, nakwambia mapema. Lakini kuanza anza. Kwanza usitie mkono kabisa. Keti mbele ya tangi wakati wake wa kula, atazame uso wako, umtilie chakula, uondoke. Hawa wana macho. Watafiti wa Japani mwaka 2015 walionyesha kuwa sikilidi mmoja wa Ziwa Tanganyika humtambua mwenziwe kwa alama za usoni. Oska ni wa mbali, kwao mto Amazon, lakini hata yeye huzoea yupi ndiye mwenye chakula. Akianza kukujia ukikaribia, mshikie kamba aliyemenywa, asiye na chumvi, kwa koleo ndogo, ncha ndani ya maji. Mkono usitikisike. Asipokuja, toa kamba, usimfuate naye hata siku moja. Ukimfuata mara moja umerudi mwanzo. Akizoea koleo, ifupishe uishike karibu na ncha, mpaka siku atakapochukua kwenye vidole. Na usimshibishe kabla, aliyeshiba haji.

Naila: Hung'ata?

Fuadi: Hukwaruza. Ana meno madogo mdomoni na mengine kooni, ya kusagia. Akifika sentimita 30 huo mdomo si mchezo, kwa hivyo kamba umshike kwenye mkia, kichwa kielekee kwake.

Khalti Rukia: Na hizo hina? Kesho wanachorwa wote, na piko juu.

Fuadi: Yallah. Mkono wenye piko usiingie majini, ile dawa ni kali. Wala sabuni, wala udi, wala mafuta ya nazi. Koleo tu mpaka arusi ipite.

Ami Swaleh: Nimletee perege wa Sabaki akae naye? Peke yake ndio maana ana kisirani.

Fuadi: Perege ni jamaa yake kweli ami, wote sikilidi, ndio maana hawatapatana. Na samaki wa mtoni huja na magonjwa.

Ami Swaleh: Yule jike namjua. Ukimtoa kwenye wavu mdomo umejaa vitoto, avitema ndani ya mtumbwi. Huwa nawarudisha majini.

Fuadi: Hao hao, huatamia mdomoni. Lakini Sultani naye asije akatiwa Sabaki mkichoka naye, nawajua. Si wa mto huo.

Naila: Amenyanyuka! Ametoka nyuma ya gogo, amekula kamba wawili waliozama. Koleo hataki kuiona.

Fuadi: Vizuri, basi kwa leo. Usimuongeze.

Khalti Rukia: Ijumaa chumba hicho kitajaa watoto wa Mambrui, na hao hugonga kila kioo.

Fuadi: Kifungeni khalti. Na stima ikipotea pampu ya hewa itasimama. Naila chota maji ya tangi kwa jagi uyamwage humo humo kutoka juu, tena na tena, yapate hewa. Ufunguo abaki nao Nyanya.

Bi Mize: Ninao, nimeufunga kwenye ncha ya leso. Swaleh asije kuuomba.

Ami Swaleh: Mimi nauliza tu, ana kilo ngapi?