Presha ya maji ya kuzimia moto ipimwe ghorofa ya juu kabisa, si kwenye chumba cha pampu

Ndugu wanajamvi, nimechoka kuambiwa kwamba jengo letu liko salama kwa sababu tu pampu ya chini inanguruma. Mkaguzi huishia chumba cha pampu, anatia saini na kuondoka, kisha sisi tunaoishi juu tunabandikiwa cheti karibu na mlango wa lifti.

Kila mita 10 za kupanda, maji hupoteza takriban baa 1 ya presha. Kwa hiyo yanapofika ghorofa ya 30 yameshapoteza baa 9 au 10, bila kuhesabu msuguano wa ndani ya mabomba na mipira. Pampu ikigoma, au umeme ukikatika na jenereta isiwake, askari wa zimamoto aliyepanda ngazi zote hizo na mpira begani atafungua koki na kupata maji ya kumwagilia bustani.

Kinachoniudhi zaidi ni kusoma geji ya juu koki ikiwa imefungwa. Maji yaliyotulia huonyesha presha nzuri hata pale ambapo vali imekwama nusu au bomba limeziba kwa kutu. Koki ifunguliwe, maji yatoke kwa wingi ule ule unaohitajika kuzimia moto, ndipo mtu atazame mshale umeshuka hadi wapi.

Haya si maneno ya kutisha watu. Mwaka 1991 huko Philadelphia, jengo la One Meridian Plaza lenye ghorofa 38 liliwaka kuanzia ghorofa ya 22. Vali za kupunguza presha, ambazo huwekwa ili maji yasije na nguvu ya kumshinda askari aliyeshika mpira, zilikuwa zimesetiwa vibaya, na mipira ikakosa nguvu. Askari watatu walikufa, na moto ulikuja kuzuiwa ghorofa ya 30 na vinyunyizio vya darini. Vali zilikuwepo, ila zilikosewa kusetiwa!

Nimeuomba uongozi wa jengo kwa maandishi ufanye kipimo hicho, nikajibiwa kwamba maji yatalowesha korido. Korido hukaushwa. Ninachodai ni kipimo cha koki ya juu kabisa, maji yakiwa yanatoka, kibandikwe kando ya cheti hicho pamoja na tarehe na jina la aliyepima. Ambaye jengo lake limewahi kupimwa hivyo aeleze hapa maji yalielekezwa wapi, ili nikawajibu.