Nimetolewa kwenye grupu la kwanjula kwa kuuliza swali moja tu

Wadau, nina hasira, mnivumilie. Leo saa moja asubuhi nimefungua simu nikakuta nimeondolewa kwenye grupu la WhatsApp la maandalizi ya kwanjula (ile sherehe ya Waganda ya kijana kwenda na ndugu zake kutambulishwa kwa wakwe) ya kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Kosa langu? Jana usiku niliuliza, "Wakitoka Masaka siku hiyo, hawa wawili watalala wapi?" Basi. Sikumtukana mtu.

Sisi ni watoto wa kambi, tumekulia Nsambya kambi ya polisi, hapa Kampala, ndiyo maana Kiswahili kwetu ni cha nyumbani. Wazee wetu wametoka Arua. Kaka anafundisha historia sekondari ya serikali na amepanga chumba kimoja Kireka, choo cha nje. Binti ni wa Masaka, na kwao bila kwanjula hakuna ndoa. Hilo sina ugomvi nalo, kila watu wana heshima zao, na sisi wenyewe tukiozesha tunadai ng'ombe. Ugomvi wangu ni bajeti: shilingi milioni 28 za Uganda.

Milioni 28 kwa Jumamosi moja! Magari manane ya msafara, yote meupe (binamu mwenye gari jekundu ameambiwa aliache nyumbani). Gomesi, yale magauni ya heshima, za akina dada zifanane. Vikapu vya matunda vifungwe utepe. Kreti za soda, nyama, sofa za mkwe, mpiga picha mwenye droni. Msemaji wa kukodi, maana Kiganda cha heshima hatukijui, hapo sawa. Lakini shangazi wa kukodi jamani? Shangazi zetu wawili wazima wako Arua, kamati ikasema nauli ni ghali na hawajazoea kamera. Akatafutwa mama mmoja kutoka Ndeeba, 150,000 kwa siku, tayari ni dada wa baba zetu. Anafundishwa majina yetu.

Haya, pesa zinatoka wapi? Kila siku saa mbili usiku katibu anabandika orodha. Mbele ya jina lako kuna tiki ya kijani, au BADO kwa herufi kubwa. Mimi nilipangiwa 500,000 bila kuulizwa kwa sababu "uko mjini, una biashara". Biashara yenyewe ni meza ya fundi simu, nusu meza kusema kweli, ndani ya jengo moja karibu na Paki ya Zamani. Nikibadilisha kioo, nikitoa bei ya kioo chenyewe, nabaki na 15,000. Nikijitahidi kwa mteja asiyejua bei, 20,000. Nikaomba wanishushie hadi 300,000. Hivyo ni vioo kumi na tano vya siku nzuri, na kuna wiki sipati hata vitano.

Siku tisa mfululizo jina langu lilikaa pale na BADO yake. Shangazi mmoja anaweka vile vikatuni vya macho. Mpwa wangu wa miaka kumi na minne naye yumo, anasoma. Siku ya kumi nikakopa kwenye simu, nikatuma. Hazikupita dakika mbili mweka hazina akajibu: "Asante, ila weka na ya kutolea." Ya kutolea! Yaani ada ya kutoa, na ile kodi ya nusu asilimia ya serikali tuliyobandikwa tangu 2018 kila pesa ikitolewa, nazo ziko juu yangu. Dada yetu aliyeko Riyadh kwa kyeyo, yaani vibarua vya nje, amepangiwa milioni moja na nusu, na hakuna aliyemuuliza kama tajiri wake amemlipa mwezi huu.

Kaka mwenyewe sina hasira naye, na nitawaambia kwa nini. Siku ya kwanza alipokwenda kwa ssenga (shangazi) wa binti, nilimsindikiza. Ssenga akauliza kazi, kaka akasema mwalimu. Ssenga akatabasamu: "Wa sayansi?" Mnajua maana yake. Mwaka 2022 serikali ilipandisha walimu wa sayansi wenye digrii hadi milioni 4 kwa mwezi, wa masomo ya sanaa wakaachwa pale pale, wakagoma, wakarudi darasani mikono mitupu. Kaka akajibu, "Historia." Ssenga hakusema kitu. Akamimina chai, akasogeza sukari, akaangalia dirishani. Wadau, milioni 28 zinalipia ule ukimya. Kaka anataka magari meupe manane yaingie kwenye ule uwanja ili yule mama asiangalie tena dirishani.

Hasira zangu ni kwa wazee. Mwenyekiti wa kamati ni baba mdogo, afande mstaafu. Jumapili tuko kikaoni, ameshika soda, anatuhutubia: "Vijana wa leo wavivu, kazi yenu kubeti." Mtu huyo huyo ndiye aliyepandisha bajeti kutoka 19 hadi 28 kwa sababu mwenzake wa kambini aliozesha kwa msafara wa magari sita.

Afande, kwa heshima zote. Wewe ulipoingia polisi ulipewa sare na kibanda cha bati kambini. Kibanda kidogo, mchana kinawaka kama tanuri, nakijua maana tulilala humo, lakini hukulipa kodi ya nyumba hata siku moja. Mimi nilizunguka miaka miwili na vyeti na barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, mpaka mtu mmoja akaniambia wazi kwamba nafasi ipo, lete milioni tano. Ningekuwa na milioni tano ningetafuta kazi ya nini? Na kubeti, ndiyo, vijana wanabeti. Sheria ya 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25. Nenda pale karibu na kambi saa kumi jioni, utakuta watoto wenye soksi za shule wameinamia mikeka. Aliyepangisha kile chumba cha kubetia ni mstaafu mwenzako, mnakunywa naye chai.

Halafu eti "nendeni mkachukue PDM". Huo mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, yaani eneo la vijiji kadhaa, unaikopesha kaya milioni moja ijikwamue na umaskini. Moja! Kamati yetu inachoma milioni za kaya 28 kwa siku moja, zaidi ya robo ya milioni 100 ambazo parishi nzima hupangiwa kwa mwaka.

Najua mtakuja hapa kuniambia "si ungekataa tu". Anayesema hivyo hajafiwa mjini. Baba alipofariki ni watu hawa hawa waliochanga jeneza na gari la kumpeleka Arua, kilometa karibu mia tano, na baba mdogo alikaa mbele na dereva usiku kucha akimpigisha hadithi asisinzie. Sitaweza kukataa, na wao wanalijua hilo. Ndiyo maana waliniandikia 500,000 bila kuuliza.

Swali langu halijajibiwa mpaka sasa. Nimempigia kaka, akasema watalala palepale Kireka, zile sofa tunazompelekea mkwe yeye mwenyewe hana hata moja.

Deni la simu limebaki 212,000 na kodi ya meza ni kesho kutwa. Kama kuna mtu anajua vioo vya Tecno vinapouzwa kwa jumla kwa bei ya kueleweka, aniandikie faragha.